Mshipi Asiouona Nguru

Jumapili, 3 Agosti

Leo nimekwenda tena Hamriya, madukani hapa Maskati, kununua mshipi wa kuvulia samaki. Mara ya tatu hii, katika joto hili ambalo hata paka wa mtaani wameingia chini ya magari hawatoki. Mie Mwanamize, bibi mtu mzima, nnasimama mbele ya Safwan muuza ndoana, ananiuliza, "Mama, wa kuhimili ratili ngapi?" Najuaje mie!

Nimerudi nao nyumbani Al Hail. Mume wangu Marhoon kaushika, kauvuta, kaupitisha mdomoni, kisha kasema, "Huu mlaini."

"Wa juzi ulikuwa mgumu, ukasema mgumu mno."

"Ulikuwa mgumu mno, ndiyo. Mie nnataka mgumu wa kiasi."

Ebo! Mgumu wa kiasi. Kwani nnachemsha mayai?

Jumanne, 12 Agosti

Niandike sawasawa, nisije nikayasoma haya mwakani nikajiona nilikuwa na wazimu.

Sukari imemla Marhoon jicho la kulia tangu mwaka jana. La kushoto linavuja damu ndani kwa ndani, na daktari keshasema linaweza kumfuata mwenzake wakati wowote. Ijumaa hii nguru wanafungwa. Ni marufuku kuwavua mpaka katikati ya Oktoba, wapate kuzaa. Siku watakapofunguliwa, Marhoon anataka kutoka na boti ya rafiki yake Khattab, amvue nguru mmoja kwa chambo alichokifunga kwa mkono wake, na amwone anavyopanda. "Nimwone ubavu wake unavyowaka akitoka majini," kaniambia. "Huyo mmoja tu. Baadaye Mungu akilitaka jicho lake, alichukue." Basi nyumba nzima sasa tunashindana mbio na jicho moja.

Chambo chenyewe kakiona kwenye simu. Kuna watu huko nchi za baridi wanavua kwenye maziwa samaki mwenye macho meupe yanayong'ara kama ya paka. Wanafunga ndoana mbili zifuatane kwenye mshipi mmoja, mbele yake shanga, na mbele ya shanga kibati kidogo kinachozunguka kikivutwa majini. Marhoon anaviita vipangaboi. Keshajiaminisha kwamba nguru, kwa ulafi aliokuwa nao, hawezi kukiacha kitu kama hicho. Khattab, ambaye wamejuana tangu utotoni Unguja na hawajapata kukubaliana jambo hata moja, anasema nguru anataka samaki mwenziwe, si mapambo ya harusi.

Shanga kazitoa kwenye sanduku langu. Shanga zangu nyekundu, na sitaandika zilikuwa zikivaliwa wapi. Nilipomjia juu, kanijibu, "Zilinivua mie, zitashindwa na nguru?" Nimetaka kukasirika, nimeshindwa.

Ijumaa, 15 Agosti

Nguru wamefungwa. Mchana tumekula changu, miba mitupu.

Jumatatu, 18 Agosti

Kosa langu. Jana nilipotoka Hamriya nilipitia Al Amerat kwa binti yetu Nouf, nikala, nikajinyoosha kidogo, mshipi nikauacha garini nyuma ya kioo, jua lote la adhuhuri juu yake. Leo Marhoon kauvuta mara moja tu, umekatika kama tambi.

"Umeupika," kasema. "Mshipi mzuri kuliko yote ulioniletea, umeupika!"

Kanigombeza mpaka adhana ya alasiri. Nami nimemgombeza yeye mpaka magharibi, ndiyo tukawa sawa.

Alkhamisi, 21 Agosti

Hamriya. Safwan siku hizi akiniona mlangoni anavuta kiti kabla sijatoa salamu.

Jumamosi, 30 Agosti

Leo kanifundisha kufunga, maana vidole vyake vinajua kazi ila tundu la ndoana halioni vizuri. Mshipi wa kusukwa una nguvu, lakini mlegevu, unajizonga kwenye kibati. Nailoni ya kawaida inavutika, nguru anakutikisia kichwa huko chini nawe huna khabari. Waya hauogopi meno yake, lakini kibati hakichezi. Anaoutaka yeye ni ule mgumu mwangavu, ambao ukiingia majini ni kama haupo.

"Samaki huyu ana macho, Mwanamize. Ana macho kutushinda mimi na wewe. Akiuona mshipi tu, keshageuka."

Na fundo ulilowanishe kwa mate kabla hujalikaza, la sivyo linajiunguza lenyewe. Nimeuliza kwa nini yasiwe maji ya bomba. Kasema maji ya bomba hayana mapenzi. Mtu huyu akiamua kusema upuuzi anausema kwa uso mkavu kabisa.

Mie nilikuwa nnamdhania mkaidi tu. Leo nimemtazama kwa muda. Kakiinamisha kichwa upande apate kuona kwa pembe ya jicho, anazipapasa shanga moja moja kwa ncha ya kidole. Nimeona huruma, nikamtilia chai bila ya kuombwa.

Jumapili, 7 Septemba

Sijui niandike vipi.

Nilikwenda Hamriya asubuhi. Safwan hana tena ule mwangavu, mpaka mzigo ufike. Kanipa mshipi wa ugumu ule ule, unene ule ule, lakini wa njano. Na si njano ya heshima. Njano ya fulana za mafundi wa barabara, ya kumwonya mtu wa mbali. Nimeuchukua ili Marhoon asije akasema sikwenda, nikajitayarisha kwa ugomvi njia nzima.

Kaupokea. Kauvuta, kautia mdomoni, kauuma kidogo. Uso ukamfunguka. "Huu! Huu ndio!" Kasimama, kaenda nao dirishani, kaunyoosha baina ya mikono miwili kwenye jua la saa nne.

"Njoo, mama. Njoo utazame. Unauona?"

Mshipi unawaka. Ungemfikia jirani machoni.

"Mshipi wa namna hii unauweka juani na bado huuoni," anasema, anacheka kwa furaha. "Sasa nguru atauona kwa kitu gani? Niambie, unauona?"

Nimesema, "Siuoni."

Nimekwenda jikoni, nimefungua bomba, nimelia. Kumbe huyu haoni kitu. Kwa siku ngapi kakaa nami sebuleni, ananiambia kanga hii imekupendeza, anageuza uso kwenye televisheni, na jicho limekwisha? Na kwa nini hakuniambia mimi?

Lakini sikumwambia. Tumefundishwa tangu chuo cha Kurani kwamba mke ni vazi la mumewe na mume ni vazi la mkewe. Nimemsitiri. Nadhani ndivyo nilivyofanya.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimempigia Nouf, kaomba ruhusa wizarani, tumemchukua baba yake kwa daktari wa macho. Tumemwambia ni kipimo cha sukari. Daktari kasema pazia la nyuma ya jicho limevutwa, limebanduka, na afanyiwe operesheni wiki hii hii. Hakuahidi kitu.

Marhoon kasema alikuwa anaona ukungu kidogo tu. Nouf kamkumbatia.

Alkhamisi, 11 Septemba

Operesheni. Katoka salama. Alhamdulillahi.

Jumapili, 14 Septemba

Wamemtia hewa ndani ya jicho ili ilikandamize lile pazia lishike, na sharti alale kifudifudi, mchana na usiku, zaidi ya wiki. Ale hivyo, aongee hivyo. Tumemsogeza ukingoni mwa kitanda, uso unaning'inia baina ya mito miwili, mikono chini. Na mikono hiyo, Mola wangu, inafunga vipangaboi! Kanilazimisha nimwekee sinia sakafuni, ndoana, vibati, shanga, na mshipi wake "usioonekana".

Jioni kaja Khattab. Kusema na kisogo cha mtu hakukumpendeza, basi kavua kofia, kajilaza chali sakafuni, mtu mzima yule na kitambi chake, akaingiza kichwa chini ya uso wa mwenziwe.

"Haya, sasa tunaonana," kasema.

"Sema unaniona wewe," kasema Marhoon. "Mie nnakisikia kitunguu ulichokula."

Nimecheka mpaka nikakaa. Halafu Khattab akageuza shingo, akauona mshipi kwenye sinia. "Yakhe, mbona mshipi wenyewe..." Nimemfinya mguu kwa nguvu zangu zote. Kanitazama. Nimetikisa kichwa. Yeye si mjinga, papo hapo kaanzisha ugomvi wa waya na nailoni.

Nilipomsindikiza mlangoni kaniuliza, "Hajui, shemeji?"

"Hajui. Akipona ataona mwenyewe, tutacheka sote."

"Na asipopona?"

Nimemwambia aende kwake salama.

Ijumaa, 19 Septemba

Bado kifudifudi. Shingo inamuuma. Anauliza siku zilizobaki kufunguliwa nguru, kila baada ya sala.

Alkhamisi, 25 Septemba

Tumerudi kwa daktari. Hakuzungusha maneno. Pazia halikushika. Atajua mchana na usiku, labda na mtu akimpitia mbele, basi. Hakuna operesheni nyengine.

Marhoon kauliza kwa Kiswahili, kasahau kwamba daktari haelewi, "Nguru nitamwona?" Nouf kageuka kutafsiri. Mie nikamjibu, "Hutomwona, Baba Nouf." Ni bora alisikie kutoka kwangu.

Garini kaniambia nimtajie tunavyopita. Nimemtajia: lori la maji, msikiti, mtu anauza komamanga, nyumba mpya ya rangi mbaya. "Mbaya vipi?" kauliza.

Jumatano, 1 Oktoba

Siku sita hakugusa kitu. Leo kaomba sinia.

"Nitakwenda," kasema. "Nitamwona kwa mkono."

Nimefurahi, nikakaa naye. Ndipo aliponiambia maneno haya, nnayaandika kama alivyosema. "Unajua kinachonipa nguvu ni nini? Huu mshipi niliuchagua nikiwa nnaona. Nilisimama pale dirishani, nikautazama juani kwa jicho langu mwenyewe. Kitu cha mwisho nilichokichagua kwa jicho langu ni hiki. Basi nikimvua nguru kwa huu, ni kama nimemvua nikiwa nnaona."

Nimemshika mkono. Ningefanya nini? Niseme ni wa njano?

Alkhamisi, 9 Oktoba

Ule mwangavu umefika dukani. Nimeununua, nikafunga vipangaboi vitano nikiwa peke yangu, nia yangu nimbadilishie kabla ya siku yenyewe. Kashika cha kwanza tu kasema, "Hili fundo si langu. Changu kiko wapi?" Nimemrejeshea chake.

Khattab kasema kwenye simu, "Mwambie, Bi Mwanamize. Atakuja kujua."

"Mwambie wewe."

"Wallahi siwezi."

"Basi tuwache."

Alkhamisi, 16 Oktoba

Nguru wamefunguliwa. Niandike yote leo leo.

Tumetoka na boti ya Khattab baada ya sala ya asubuhi. Mimi nami nimekwenda, kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Nouf alitaka kwenda yeye, nikamwambia hakuna wa kumtapikia babaako ila mimi. Na kweli nilitapika, kabla hata hatujaiwacha bandari ya Seeb vizuri. Marhoon alikuwa na furaha. Kavaa kofia yake mpya. Kakaa nyuma, mshipi umepita baina ya vidole viwili, anasikiliza kwa mkono. "Kinazunguka," anasema. "Hebu punguza. Sasa kinazunguka vizuri. Mnakisikia?" Sisi hatusikii kitu ila mashine.

Boti nyengine zilitupita, watu wanapiga kelele, wanainua nguru wao kutuonesha. Khattab anavuta na chambo chake cha samaki mzima kwenye ndoana, hapati kitu. Saa zikapita. Mie nimesema moyoni bora asipate, turudi nyumbani na mambo yaishe hivi hivi. Mungu anisamehe, nilimwombea mume wangu akose.

Kapata. Mshipi ukamchomoka mkononi, Marhoon kanguruma, kasimama, Khattab kazima mashine na kumshika kiuno kwa nyuma asije akaanguka. Wazee wawili wamekumbatiana, boti inayumba, mmoja anasema mwachie, mwengine anasema usinifundishe. Kamwachia, kamvuta, kamwachia. Viganja vimekatika, damu inatoka, hataki glavu. Nami nimesahau kutapika. Nimesimama, nnapiga kelele kama watoto wa mpira.

"Niambie!" kasema. "Mwanamize, niambie anavyopanda!"

Nimeinama. Chini kwenye maji ya kijani nimeona kitu kirefu kinakuja, kinageuka, na kila kikigeuka kinawaka. "Anawaka, Baba Nouf! Anawaka ubavu mzima! Ana mistari!"

"Rangi gani?"

"Fedha! Na buluu mgongoni! Mola wangu, mzuri!"

Analia na kucheka. Khattab kampiga nguru upembo wenye kulabu, kamtupa ndani ya boti, samaki anapigapiga kwenye miguu yetu. Khattab kapandwa na furaha, na mdomo wa furaha hauna mlinzi. Kamshika Marhoon mabega, kamtikisa. "Umetushinda! Umetushinda bandari nzima! Na mshipi wa njano vile, unaonekana mpaka Dubai, na bado kala!"

Nimemwona Khattab anavyojua alilolisema. Mdomo umebaki wazi.

Marhoon kauokota mshipi sakafuni, kaupitisha baina ya vidole. "Wa njano upi?" kauliza.

Nguru bado anapigapiga.

"Mwanamize. Wa njano upi?"

Nimesema, "Huu. Safwan hakuwa na mwengine."

Kakaa. Tumerudi bandarini. Watu wakaja kumpongeza, kawashukuru mmoja mmoja kwa adabu, uso umeinama.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimempika nguru kwa nazi. Nouf kaja. Marhoon kala kidogo, kasema kitamu. Khattab kaja baada ya sala, kakaa mlangoni dakika chache, kaondoka.

Jumanne, 21 Oktoba

Leo kasema, sikumwanza mimi.

"Nilisimama dirishani nikakuonesha."

"Ndiyo."

"Nikakuuliza unauona."

"Ndiyo."

"Ukasema huuoni. Na wewe ulikuwa umesimama hapo unanitazama."

Nimemwambia nilitaka kumsitiri. Nimemwambia nililia jikoni, na kwamba kila siku nilitaka kusema na kila siku ulimi ulikuwa mzito. Nimemwambia nguru kamvua yeye, si mshipi. Kanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Najua hukutaka ubaya," kasema. "Lakini mimi nilidhani siku ile nilikuwa bado nnaona. Nilikuwa na siku ile."

Laiti angenipigia kelele. Kaniomba nimpeleke akatie udhu.

Jumanne, 28 Oktoba

Sinia haliguswi. Redio inasema peke yake. Asubuhi nimemwambia nakwenda Hamriya, nimletee nini. Kasema hahitaji kitu. Nimekwenda hivyo hivyo.

Safwan kanipangia yote mezani, mwangavu, wa kijani, wa kusukwa, mnene na mwembamba. Nimempigia Marhoon.

"Baba Nouf, mzigo mpya umefika. Upo mwangavu mgumu na upo mgumu zaidi. Nikuletee upi?"

"Wowote."

"Wa ratili ngapi?"

"Wowote, mama."

"Marhoon, usinifanyie hivyo. Niambie nisichukue mlaini. Niambie nisiuwache garini."

Kasema taratibu, kama mtu anayemjibu mgeni, "Utakaouchukua wewe ndio."

Basi nimefanya kusudi. Kwenye pembe ya duka mna kamba nene nyeupe ya kushonea nyavu, ngumu kama ufagio, haipiti kwenye tundu la ndoana hata ukiisukuma kwa nyundo. Nimeinunua hiyo. Njia nzima nimekuwa nikiyasikia matusi yake. Nimesema atanirudisha leo leo, na mimi nitarudi, nikae kwenye kiti cha Safwan, nirudi tena kesho na keshokutwa.

Nimemtia mkononi. Kaishika. Vidole vimeizunguka mara moja, nami nimesimama mbele yake nnangoja.

"Ahsante," kasema, kaiweka mezani.